Tunamjua aliyeliwa na simba. Dereva je?

Ukifika Nairobi na una saa mbili za bure, usizimalizie zote madukani. Nenda Makumbusho ya Reli, jirani na stesheni ya zamani. Yalianzishwa 1971, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kwa hiyo mengi yaliyomo ni yetu sote: Wakenya, Waganda na Watanzania.

Mimi niliganda mbele ya kichwa cha treni namba 5918. Jamani, lile ni dude! Uzito wake ni kama tani 250, na lilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock miaka ya 1950. Vichwa vya aina hii vilikuwa 34, na reli za upana wa mita moja hazikuwahi kuwa na vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivi popote duniani. Tangi la kuchemshia maji liko katikati, injini na magurudumu yake mbele na nyuma, ndiyo maana liliweza kujipinda kwenye kona za kupandia Nairobi kutoka Mombasa.

Kwa Mtanzania kuna la ziada. Jina lake ni Mount Gelai, mlima wetu wa kando ya Ziwa Natron. Vichwa hivi vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kingine kinaitwa Mount Shengena, mlima wa kule Upareni.

Kisha kuna lile behewa maarufu. Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alikaa humo usiku akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akamuua, akatoka naye dirishani. Kisa hicho kila mpenda historia ya reli anakijua.

Sasa tuhesabu. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, ulileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Wewe na mimi tunaweza kumtaja hata mmoja? Mlima una jina. Mzungu aliyeliwa ana jina. Hata chuma kina namba. Aliyekiendesha chuma hicho usiku kucha, na mwenzake aliyesimamia moto, wanaitwa nani?

Kuna watakaosema makumbusho ni ya mashine. Sikubaliani. Mashine haikujiendesha. Kujua uongeze moto lini kabla ya mlima, na maji yabaki kiasi gani, huo ni ufundi, na ulikuwa vichwani mwa watu. Kenya iliachana na mvuke mnamo 1980. Kijana aliyekuwa na miaka 25 wakati ule sasa amevuka 70. Hapa kwetu, watumishi wa Jumuiya iliyovunjika 1977 tuliwasikia zaidi walipodai mafao yao. Tuliandika madai, hatukuandika kazi waliyoifanya. Na hapo nasema sisi waandishi wa habari.

Hatuhitaji bajeti ya wizara. Simu yako inarekodi sauti. Miji iliyokuzwa na reli ipo: Tabora, Morogoro, Voi, Nakuru, Kisumu. Nenda kota za reli, msalimie mzee shikamoo, muulize alianza lini, alifundishwa na nani, safari gani hawezi kuisahau. Andika majina yote atakayotaja, kisha usikae nayo. Yapeleke maktaba, yapeleke makumbusho.

Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar hadi Dodoma, nasi tunapiga nayo picha kwa fujo. Vizuri. Lakini madereva wake wa kwanza nao wanazeeka kama sisi. Tukiendelea hivi, mwaka 2080 wajukuu wetu watakuta kichwa kinang'aa, kina namba, na hakuna wa kuwaambia nani alikishika.

Mzee wa reli mtaani kwenu anaitwa nani?