Niite Sponji, Lakini Kupe Hapana

Nikiwa darasa la pili, mwalimu alimwambia mathe, "Huyu mtoto ana akili kama sponji." Mathe alirudi nyumbani akiwa na furaha, akaninunulia chipsi. Desemba iliyopita, nikiwa na miaka 22, anko alisimama mbele ya familia nzima ushago, sahani ya pilau mkononi, akasema, "Huyu naye ni sponji tu. Anakaa kwa dadake, anakula, analala, anashinda kwa simu." Watu wakacheka. Mathe hakucheka. Aliinama akaendelea kuosha vikombe.

Neno ni lile lile na msee ni yule yule. Mbona mara ya kwanza nilipata chipsi na mara ya pili nikapata aibu?

Tuanze na sponji yenyewe. Ile ya manjano ya kuoshea vyombo ni plastiki ya kiwandani. Kuna pia dodoki, ambalo ni tunda lililokauka la mmea unaotambaa, wa ukoo mmoja na malenge na tango. Lakini sponji halisi ni mnyama wa baharini. Eeh, mnyama. Hana ubongo, hana moyo, hana mdomo. Anavuta maji kupitia vitundu vidogo mwilini, anachuja bakteria na chembechembe za chakula, kisha anayatoa yakiwa safi kuliko yalivyoingia. Kule Jambiani, Zanzibar, kuna akina mama wanaowafuga: wanafunga vipande kwenye kamba ndani ya bahari, vikikua wanavuna na kuuza.

Sasa niambie ukweli, huyo ndiye mnyama wa kumtukania mtu?

Kiswahili kina maneno yake ya hiyo kazi, na hayafanani. Mdoezi ni yule anayetokea ugali ukiivwa na kupotea vyombo vikichafuka. Ruba ni yule anayekuganda hata umfukuze vipi. Kupe anaishi kwa damu ya mwingine na hana kitu kingine cha kufanya maishani. (Na usichanganye sponji na sponyo. Sponyo ni mubaba mwenye pesa. Huyo anatoa, ila bei yake utaijua baadaye.)

Halafu kuna mnyonyaji. Tanzania walipotoa Azimio la Arusha mwaka 1967, unyonyaji ulikuwa ni mtu kuishi kwa jasho la wengine huku yeye akikaa juu yao. Yaani lile neno lilirushwa kuelekea juu, kwa mwenye mali na cheo. Sisi leo tunalirusha chini. Kiongozi akila pesa ya barabara anaitwa mheshimiwa. Kijana aliyetuma CV mpaka akachoka, akila sahani moja kwa dadake, anaitwa kupe. Hapo wasee tumegeuza mambo.

Lakini sitajifanya malaika. Anko hakukosea yote. Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, nilihamia keja ya sista, na miezi ya kwanza sikufanya kitu. Yeye alilipa rent, chakula na Wi-Fi. Mimi hata kikombe changu niliacha kwa sinki. Huo ulikuwa udoezi, na jina lake ni hilo hilo.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Soma tena hiyo methali. Haisemi umtukane wala umfukuze. Inasema umpe jembe. Sista ndiye aliyenipa langu. Anauza nguo za mitumba za watoto, na jioni moja aliingia na mzigo uleule aliotoka nao asubuhi, akaniambia, "Si wewe unajua kuedit? Nguo zangu hazitembei." Nilianza kumtengenezea video fupi, kila kitu nikiwa nimejifunza kwa ile Wi-Fi aliyokuwa akilipa yeye. Oda zikaanza kuingia pole pole. Sai tokeni za stima na maji ni juu yangu. Sio doh ya kuringa nayo, lakini siku hizi nikikaa mezani sitazami chini.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona. Sponji ukiikamua, inarudisha ilichofyonza. Kupe ukimkamua, unachopata ni damu yako mwenyewe.

Kwa hivyo wazazi na maanko, kabla hujamwita kijana jina mbele ya watu, jiulize kama ushawahi kumkamua. Ushamuuliza anajua nini? Ushampa jembe lolote? Na sisi tunaokaa kwa watu, tusijifiche nyuma ya "hakuna kazi". Kukosa kazi si udoezi. Kuacha sahani kwa sinki ni udoezi. Kumwona sista akihesabu coins usiku na kugeukia ukuta ni udoezi.

Anko ana duka la dawa za mifugo, zikiwemo za kupe. Wiki jana nilimwandikia WhatsApp: "Anko, nikutengenezee video ya duka? Ya kwanza ni bure." Ameisoma. Bado hajajibu.

Lakini jana mathe alinipigia akaniambia anko anauliza kama hiyo video lazima yeye mwenyewe aonekane.