Nani Huwaajiri Majaji, na Nani Huwafuta?



Kila hukumu mbaya ikitoka, sisi ni wale wale. Tunaandika "mahakama imenunuliwa", tunasambaza kwa magrupu, tunatukana kidogo, halafu kufikia Ijumaa tumesahau. Sasa nikuulize: hapo ulipo, unaweza kunitajia jina la mtu mmoja anayeketi kwenye Tume ya Huduma za Mahakama, hii JSC? Mmoja tu, ukimtoa Jaji Mkuu.

Kama huwezi, basi hasira zako wamezizoea.

Tume ile ina watu 11. Jaji Mkuu ni mwenyekiti. Kuna jaji wa Mahakama ya Upeo na jaji wa Mahakama ya Rufaa, kila mmoja amechaguliwa na wenzake. Kuna jaji wa Mahakama Kuu na hakimu, wanaoletwa na chama chao. Mawakili wawili. Mwanasheria Mkuu. Mmoja anatoka Tume ya Utumishi wa Umma. Na wawili wa mwisho, mwanamke na mwanamume, ni wawakilishi wa wananchi. Yaani wako pale kwa niaba yako wewe. Rais huwateua na Bunge la Kitaifa huwapitisha. Uliwahi kupeleka maoni hata mara moja?

Hao ndio wanaomhoji anayetaka ujaji. Wakishapendekeza jina, Rais kazi yake ni kuteua. Ukiacha Jaji Mkuu na naibu wake, ambao hupitia Bunge kwanza, kifungu cha 166 cha Katiba hakimpi nafasi ya kusema huyu namtaka, yule simtaki.

Na bado ilijaribiwa. Mwaka 2019 tume ilipeleka majina 41. Uhuru Kenyatta akayakalia karibu miaka miwili. Mahakama Kuu ikasema ateue, hakuteua. Juni 2021 akateua 34, akaacha sita nje. Wawili kati ya hao sita, George Odunga na Joel Ngugi, walikuwa kwenye jopo lililoizima BBI Mei, mwezi mmoja tu nyuma. Utaniambia ilisadifu? Waliapishwa Septemba 2022, rais mwingine alipoingia. Na katika yale majina 41 kulikuwa na majaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya kesi ya shamba kukosa jaji.

Huyu aliyewaapisha naye, Januari 2024, akaanza kuwashutumu majaji hadharani kwamba ni wafisadi. Pengine wapo, mimi siwaapii. Lakini Jaji Mkuu Martha Koome alimjibu kwa jambo ambalo kila kijana angelijua: mwenye ushahidi aupeleke JSC. Rais na mama muuza mahamri wana mlango mmoja hapo.

Mlango wenyewe ni kifungu cha 168. Mtu yeyote anaweza kuandikia tume malalamishi dhidi ya jaji: amekiuka maadili ya kazi, hawezi kazi, amefanya utovu mkubwa wa nidhamu. Huhitaji kuwa wakili. Tume ikiona kuna msingi, inampelekea Rais, naye ana siku 14 kumsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza. Jopo likisema aondoke, jaji ana haki ya kukata rufaa Mahakama ya Upeo.

Sasa hapa ndipo wenzangu hunikasirikia. Jaji Said Chitembwe ni mtu wetu wa Pwani. Jopo lilimchunguza, mwaka 2023 likapendekeza aondolewe, na Mahakama ya Upeo ikakubaliana nalo. Ukilitaja jina hilo barazani utasikia, "lakini ni wetu." Wetu kivipi? Hukumu yake ilikuwa ikimgusa nani, kama si mtu aliyesimama mbele yake akitafuta haki? Na usidhani njia hii ni ya kumalizana na watu. Jaji Martin Muya jopo lilisema aondolewe, akakata rufaa, na mwaka 2022 Mahakama ya Upeo ikamsafisha. Ndiyo maana ya kuwa na utaratibu badala ya kelele za mkutano wa siasa.

Tuje nyumbani kabisa. Makadhi.

Wengi wetu tunadhani Kadhi ni jambo la masheikh na misikiti. Soma kifungu cha 170. Kadhi lazima awe Muislamu, na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu inayomtosha *kwa maoni ya JSC*. Rudi juu uhesabu wale 11. Kifungu cha 171 kinachowataja hakina kiti cha Kadhi, wala hakilazimishi awepo hata mmoja anayejua mirathi inavyogawanywa. Watu hao ndio wanaoamua nani anajua fiqhi ya kutosha kukuozesha, kukuachisha na kukugawia urithi wa babako. Hili ndilo la kupigia kelele, tena kwa maandishi, kila nafasi ya Kadhi inapotangazwa.

Upande wa pili ni kwamba tume hiyo hiyo ndiyo inayompa Kadhi adhabu au kumwachisha kazi. Huko hakuna Rais wala jopo, ni tume moja kwa moja. Nimekaa na kina mama kwenye baraza ya mahakama moja ya Kadhi. Kesi ya matumizi ya watoto inaahirishwa, faili haionekani, rudi mwezi ujao. Ukiwaambia wapeleke malalamiko wanakujibu, "Mwanangu, nitamshtaki sheikh?" Na wazee wanaongezea kwamba tusiwape watu wa nje sababu ya kuzisema vibaya mahakama zetu. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini mtoto hali heshima ya mahakama. Anayeziaibisha ni anayepoteza faili.

Tume yenyewe si malaika. Februari 2025 Mahakama Kuu iliizuia isiendelee na malalamishi dhidi ya majaji wa Mahakama ya Upeo, akiwemo Jaji Mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti wake. Bado tunauliza nani atamhoji mwenye kiti. Na malalamishi ya mtu mdogo yanaweza kukaa hadi akate tamaa. Kwa hivyo ukipeleka, weka nakala, dai muhuri wa kupokelewa, na ufuatilie.

Jambo moja tofautisha, maana wengi huanguka hapo. Kama hukumu haikukuridhisha, hiyo ni rufaa. JSC haibadilishi hukumu. Unapeleka kwao mwenendo: aliomba kitu, alikutukana, alikaa na uamuzi miezi na miezi bila sababu. Andika jina la mahakama, nambari ya kesi, tarehe kila ulipofika na ukaambiwa nini, na nani alikuwepo akasikia. "Watu wanasema" usiandike.

Ukiwa na hizo tarehe, hata kama umeziandika nyuma ya daftari la mtoto, tutumie ujumbe hapa. Tutakaa tuiandike barua pamoja.