Kabla ya Kuuliza Tundu Lina Ukubwa Gani

Nilikuwa mwaka wa pili mguu wangu wa kushoto ulipoanza. Maumivu yalitokea kwenye tako, yakashuka nyuma ya paja mpaka kidole kidogo cha mguu. Haikuwa kama misuli kuchoka. Ni kama mtu amekuchomeka waya wa umeme, halafu kila ukikohoa anawasha swichi. Kukaa kimbweta dakika 20 ikawa adhabu, nikawa nasoma nimelala ubavu kitandani huku majaribio yanakaribia.

Nilipowaambia washikaji kwamba mgongo unanisumbua, chumba kizima kikaangua kicheko. Mmoja akaniletea supu ya pweza. Mwingine akataka kujua shemeji anaitwa nani. Utani wenyewe mnaujua. Hapa kwetu mwanaume akisema "mgongo" au "kiuno", watu wanasikia jambo jingine kabisa, na wauza dawa wa stendi wanakula kupitia tafsiri hiyo. Nami nikacheka nao, nikakaa kimya wiki mbili.

Habari zilipofika kwa shangazi, zikafika kwenye grupu la ukoo. Jioni ileile video zikaanza kumiminika: daktari wa India anapitisha bomba jembamba mgongoni, kamera inaonyesha ndani, anavuta kipande cheupe kama nyama ya dafu, mgonjwa anatembea siku hiyohiyo. Upasuaji wa tundu dogo! Ndani ya siku tatu tulishakuwa na mweka hazina, orodha ya ahadi, na baba anaulizia bei ya kiwanja chetu. Katika ujumbe wote ule hakuna hata mmoja uliouliza nini hasa kilikuwa kinanibana.

Nilipokwenda kwa daktari, aliniinua mguu nikiwa nimelala chali, akanigonga kisigino, akanichoma taratibu na pini, akaniambia nisimame kwa vidole vya miguu. Kisha akanieleza kwa kalamu. Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna diski, kitu laini katikati chenye ganda gumu nje. Ganda likichanika, kile cha ndani kinasukumwa nje na kugusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ndiyo maana tatizo liko kiunoni na kilio kiko kwenye kidole. Halafu akasema: tembea, usilale kutwa, meza hizi za maumivu, rudi baada ya wiki sita. Kisu hakukitaja hata mara moja. Nilitoka nimenuna, nikaona nimefukuzwa kistaarabu.

Wiki ya tisa maumivu yakaisha. Kiwanja kipo.

Sisemi kwamba upasuaji ni ulaghai. Wapo ambao mguu unazidi kukosa nguvu, wapo ambao maumivu hayaishi miezi na miezi, na wapo wazee ambao njia ya mishipa imekuwa nyembamba kiasi kwamba hawafiki sokoni bila kukaa chini mara tatu. Hao kisu kinawasaidia, na kinafanyika hapahapa nchini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na uti wa mgongo ni sehemu ya kazi yake. Ninachobishia ni hii imani kwamba udogo wa tundu ndio tiba yenyewe.

Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kama yangu kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa upasuaji mapema, nusu wakaambiwa wasubiri huku wakitibiwa bila kisu. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, hilo halina ubishi. Lakini baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Katika kundi la kusubiri, asilimia 39 ndio walioishia kwenye kisu. Wengine hawakukihitaji.

Na tundu? Mwaka 2009 Waholanzi haohao wakalinganisha njia ya bomba jembamba na ile ya kawaida ya kutumia hadubini kwa wagonjwa 328. Bomba halikushinda. Kwa maumivu ya mguu na mgongo, kundi la bomba lilikuwa nyuma kidogo. Mwaka 2022 ukaja utafiti mwingine, watu 613, safari hii kwa kamera inayoingizwa kwa tundu pembeni mwa mgongo. Ikaonekana njia hiyo si duni kuliko ile ya zamani. "Si duni" ni sifa nzuri, ila haiuzishi kiwanja. Faida zake ni za kweli: misuli haichanwi sana, kidonda kinapona upesi, unawahi nyumbani. Ila diski ni ileile na mshipa ni uleule. Aliyepasuliwa bila sababu, hata kwa tundu la sindano, amepasuliwa bila sababu.

Kisha kuna picha ya MRI, ambayo sisi wasomi tunaiamini kama matokeo ya mtihani. Ukiwapiga picha watu wa miaka 20 wasioumwa chochote, takriban 3 kati ya 10 wataonekana diski imetuna. Yaani hata wewe unayesoma hapa umejikunja kitandani unaweza kuwa naye mmoja, na unacheza mpira kila Jumamosi. Picha bila dalili haitoshi kumlaza mtu mezani.

Nilidhani hapo ndipo hoja yangu inaishia. Mwaka jana akaugua baba mdogo.

Yeye ni dereva wa Fuso, anabeba mahindi. Amenipa ruhusa nisimulie, ilimradi nisitaje jina. Mgongo ulikuwa unamsumbua miaka, akishusha magunia unamkata, akipumzika unaachia. Safari hii maumivu yalishuka miguu yote miwili. Kesho yake akahisi ganzi katikati ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli. Mkojo ukagoma. Akaenda duka la dawa akasema ana yutiai, akapewa vidonge. Mke wake hakumwambia. Angeanzaje? Mwanaume wa miaka 46, aseme sehemu zake za siri hazisikii kitu? Alijua kicheko kitakachofuata, kilekile cha chumbani kwetu hosteli.

Zikapita siku nne.

Chini ya kiuno uti wa mgongo wenyewe umeshaishia juu, inabaki mishipa iliyokusanyika kama mkia wa farasi. Mingine inakwenda miguuni, mingine kwenye kibofu na haja kubwa. Diski ikitoka kwa wingi na kuubana mkia wote, hakuna tena habari ya kusubiri wiki sita. Hapo madaktari wanahesabu saa. Wanapenda mshipa uachiwe ndani ya saa 48, na kabla ya hapo ni bora zaidi, hasa kama mkojo bado haujafungana kabisa.

Walimpasua usiku aliofikishwa, kwa njia ya wazi, kidonda kirefu. Kazi ilifanyika vizuri. Anatembea. Lakini kibofu hakikurudi, na sasa anajitoa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku. Fuso analiendesha kijana mwingine. Kwenye grupu wakaandika: angepelekwa India kwa tundu dogo haya yasingetokea. Niliandika jibu refu, nikalifuta. Kilichomponza ni zile siku nne, na hata mimi nilikuwa kwenye grupu hilo siku zote nne, natuma mizaha.

Kwa hiyo nikiona wiki ya afya hapa chuoni inajaa mabango ya mkao sahihi wa kiti na namna ya kubeba begi, nashangaa kidogo. Sawa, wekeni. Ila karibu na mlango wa choo cha kila hosteli, za wavulana na za wasichana, ningebandika karatasi moja kwa maandishi makubwa: mgongo unauma, na sasa una ganzi unapokalia, au mkojo hautoki, au unatoka bila wewe kujua, au miguu inalegea? Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku, hata kama kesho una pepa.

Juzi jirani wa chumba cha pili alinigongea. Mguu unamuuma toka wikendi, na ameona video ya tundu dogo, anauliza bumu likitoka litatosha? Nikamuuliza kwanza kama mkojo unatoka vizuri. Akacheka. Nikamwambia mimi sicheki, nijibu. Akaangalia mlango kama umefungwa, akasema unatoka, na ganzi hana.

"Basi kalale. Asubuhi tunakwenda zahanati wote."