Baiskeli Inayoomba Chaji

Wenzangu mnaopenda baiskeli mmeanza tena. Msimu mpya ukikaribia tu, simu yangu inajaa picha. "Cheki hii!" "Mzee, hii ni moto!" Gia hazina waya. Gia za nyuma zimefika 13. SRAM wa Marekani walitoa ya 13 isiyo na waya mwaka 2024, Campagnolo wa Italia wakafuata 2025, na mwaka huo huo Shimano wa Japani wakaondoa waya kwenye XTR, seti yao ya juu kabisa ya baiskeli za milimani. Na tangu mashindano ya dunia yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa Afrika, ugonjwa umezidi. Mimi mwenyewe nilikaa mbele ya runinga nikimtazama Tadej Pogačar akipanda vilima vya Kigali kana kwamba hakuna aliyemwambia ni vilima. Nusu ya muda nilikuwa naiangalia mashine, simwangalii mtu.

Kwa hiyo msiniambie nina wivu. Ninao, nakiri. Lakini wivu wangu hauondoi hoja yangu, nayo ni hii: kila msimu tunauziwa kitu kipya, na kila msimu tunanyang'anywa kitu kimya kimya. Tunanyang'anywa uwezo wa kuzitengeneza baiskeli zetu.

Ngoja niwasimulie yaliyonikuta.

Nilinunua baiskeli ya mbio ya mtumba, fremu ya kaboni, nyepesi unainyanyua kwa vidole viwili. Nikajiona nimefika. Baada ya miezi mitatu ikaanza kulia. Kwi, kwi, kwi, kila nikikanyaga pedali. Nikaipeleka kwa fundi wangu Magomeni, mzee mmoja anayekaa chini ya mwarobaini na boksi lake la spana, beseni la maji la kutafutia pancha, na makopo ya gololi zilizopangwa kwa ukubwa. Huyu mzee anafungua baiskeli tangu mimi sijazaliwa. Akaigeuza miguu juu, akachungulia pale katikati mikono ya pedali inapoingia kwenye fremu, akapapasa kwa kidole kutafuta pa kushika spana. Hapakuwepo. Beringi zilikuwa zimeshindiliwa moja kwa moja ndani ya fremu. Hakuna nati, hakuna cha kufungua.

"Mwanangu," akaniambia, "baiskeli nzuri hii. Ila haitaki fundi. Inamtaka aliyeitengeneza."

Nikazunguka Kariakoo siku mbili. Kila duka wanatoa beringi, na kila beringi ama ndogo kidogo ama kubwa kidogo. Mwisho nikaagiza nje. Beringi mbili, kifaa cha kuzing'olea na cha kuzishindilia, pamoja na usafiri, jumla yake ningepata Phoenix iliyotumika na chenji ya chai. (Na mzee alikataa hela yangu siku ile, eti hajafanya kazi. Saa nzima alikuwa ameinama!)

Sasa ilinganisheni na hiyo Phoenix. Umbo lake ni lile lile la baiskeli za Waingereza za zamani, akina Raleigh wa Nottingham. Wachina na Wahindi wakalichukua wakaendelea nalo. Matokeo yake, kwa sehemu kubwa, baiskeli ya babu yako na ya jirani yako zinaazimana vipuri. Ukipoteza gololi unanunua gololi, kwa kuhesabu. Pini ya pedali ikilegea inagongwa nyundo. Nani aliyebuni mpango huu wa ajabu? Hakuna. Ulitokea tu kwa sababu kwa miongo mingi hakuna aliyeona faida ya kubadilisha vipimo kila baada ya miaka miwili.

Wakubwa wa kiwanda cha leo wanaiona hiyo faida. Baiskeli za milimani zilikuwa na magurudumu ya inchi 26 kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 tukaambiwa 26 ni ya kizee, njooni 27.5, kisha hapana, njooni 29. Upana wa ekseli ya nyuma nao ukatoka milimita 135 ukaenda 142, ukaenda 148. Tofauti ya milimita sita tu, na gurudumu lako zima la zamani haliingii tena kwenye fremu mpya. Hapo katikati kwenye beringi, pale paliponishinda mimi na mzee wangu, vipimo vimekuwa vingi kiasi kwamba hata mafundi wa Ulaya wanavilalamikia.

Halafu ndiyo ikaja betri.

Niwe mkweli, gia za umeme zinafanya kazi. Shimano walipoziingiza kwenye Dura-Ace mwaka 2009, watu walicheka, wakaacha kucheka. SRAM wakaondoa waya kabisa mwaka 2015. Unabonyeza kitufe kwenye usukani, ishara ya redio inakwenda nyuma, mota ndogo inasukuma mnyororo hadi kwenye meno unayotaka. Haikosei, haidai kukazwa waya kila wiki. Kwa mtu wa mashindano ambaye nyuma yake kuna gari limejaa mafundi na magurudumu ya akiba, ni raha tupu. Sina ugomvi na Pogačar.

Ugomvi wangu ni pale ambapo kitu cha mashindano kinageuzwa kuwa ndicho kitu pekee. Mwaka 2021 Dura-Ace mpya ilitoka kwa umeme tu, na Ultegra, ambayo ni ya watu wa kawaida kidogo, ikatoka hivyo hivyo. Mwaka 2022 wakashuka hadi 105, ile tuliyokuwa tunaisifia kuwa seti ya mfanyakazi: gia 12, za umeme. Mwaka uliofuata ndipo wakairudisha 105 ya gia 12 inayovutwa kwa waya. Kwa hiyo walikuwa wanaweza!

Na mtu anayeniambia umeme ni maendeleo tu, hauna hasara, nataka anijibu haya. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani walionyesha kwamba ishara za gia zisizo na waya za Shimano zinaweza kunaswa na kurudiwa na mtu aliye karibu, gia zikabadilika mwenyewe hajagusa kitu. Shimano wakalazimika kutoa marekebisho ya programu. Programu! Waya wangu wa chuma hakuna aliyewahi kuuingilia hewani.

Au tuseme VanMoof. Hawa Waholanzi walianza 2009, wakauza baiskeli za umeme za kupendeza sana, ambazo unazifungua kwa simu. Julai 2023 wakafilisika. Waendeshaji wakaamka na swali ambalo mwenye Phoenix hajawahi kujiuliza: seva ikizimwa, baiskeli yangu nitaifungua? Mshindani wao wa Ubelgiji, Cowboy, akatengeneza programu ya haraka ya kuwasaidia kuhifadhi funguo zao za kidijitali. Baadaye kampuni ilipata mnunuzi, sawa. Lakini fikiria: kampuni inafilisika huko Amsterdam, na wewe ofisini kwako hujui kama utarudi nyumbani na baiskeli uliyoilipia.

Nilishayasema haya kwenye kijiwe, na rafiki yangu mmoja akanijibu: "Acha hizo, hayo ni mambo ya wazungu. Nani Bongo ana dola 10,000 za baiskeli?"

Hapo ndipo tunapokosea. Sisi hatununui baiskeli mpya. Tunanunua za jana. Ile inayozinduliwa leo kwa mbwembwe ndiyo itakayoshushwa kwenye kontena miaka kumi ijayo, na hapo betri yake itakuwa imekufa, chaja yake imebaki Japani au Uingereza, na programu yake haikubali simu yako. Kwa nini zile baiskeli za kina mama wa Kijapani, zenye kikapu mbele na karia nyuma, zinadunda mitaani kwetu hadi leo? Kwa sababu zina gia moja, au tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, na mzee wa Magomeni anaziweza. Tumeshayaona haya kwenye magari: taa moja inawaka kwenye dashibodi, fundi anaanza kuulizia kompyuta. Mnataka na baiskeli ifike huko?

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike kwa hasira.

Mmoja wa waanzilishi wa SRAM, hao hao wa gia zisizo na waya, ni F.K. Day. Mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, yeye na mkewe Leah walianzisha shirika la World Bicycle Relief. Baiskeli yao inaitwa Buffalo. Ni chuma, ni nzito, inabeba mzigo wa kilo 100, na iko vijijini Zambia, Malawi, Zimbabwe, Kenya. Kwa miaka mingi ilikuwa na gia moja. Kisha wakatoa nyingine, Utility S2, yenye gia mbili, na wahandisi wa SRAM walishiriki kuibuni.

Isikilizeni inavyofanya kazi. Ina minyororo miwili na friwili mbili. Unataka gia nyepesi ya kupandia mlima? Unarudisha pedali nyuma kidogo, basi, imebadilika. Unataka nzito? Unarudisha tena. Hakuna waya, hakuna betri, hakuna kile kidude kinachoning'inia nyuma kusubiri kugongwa na jiwe. Mimi niliyeimba wimbo wa gia 13 pamoja nanyi, nawaambia hicho ndicho kifaa kipya kilichonisisimua kuliko vyote. Mtu alikaa akajiuliza: huyu anayepanda mlima na gunia la mahindi, kilomita nyingi kutoka duka lolote la vipuri, atahitaji nini? Akajibu kwa chuma.

Kwa hiyo wanajua! Akili ya kutengeneza kitu kinachodumu, kinachofunguliwa kwa spana, wanayo, tena wameilipia. Ila wameamua kwamba ni ya mwanakijiji. Mwenye hela yake mjini, wa London au wa Dar, anastahili kitu cha kuharibika kwa wakati. Hata Shimano wenyewe mwaka 2023 walileta CUES, mpangilio ambao gia 9, 10 na 11 zinachangia vipimo na vipuri, na meno yake yametengenezwa yachelewe kulika. Kitu kizuri sana. Nani amenitumia picha yake? Hakuna hata mmoja.

Mtu wa Mwanza anayepanda Bugando na ndoo za samaki kwenye karia anaihitaji S2 kuliko mtu yeyote, na angeinunua kwa hela yake, bila kupigwa picha ya wafadhili. Wafanyabiashara wetu wanaoagiza baiskeli, muulizeni hilo kiwandani kabla ya kuuliza rangi. Na nyie wenzangu, mkienda dukani, swali la kwanza liwe beringi za katikati zinafunguliwaje.

Wiki iliyopita nilimwonyesha mzee picha ya S2 kwenye simu. Akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akavaa miwani, akahesabu minyororo. Akanyamaza kitambo.

"Hii naifungua," akasema. "Friwili zake Kariakoo zipo?"