TAHARIRI: HOTELI ZETU NA MARADHI YA TUMBO



Mara nyingi ukurasa huu wa kwanza husema habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Safari hii twataka kusema habari za sahani. Tafadhali msicheke. Mtu wa reli hula nje ya nyumba yake kuliko watu wengi. Dereva na gadi hula pale treni iliposimama. Watu wa gengi hula kando ya njia. Fundi wa karakana hana nafasi ya kwenda nyumbani na kurudi kabla king'ora hakijalia. Basi sote twaenda hotelini. Na tukisema hoteli hatusemi ile nyumba ya ghorofa yenye zulia. Twasema hoteli ya mabati, yenye benchi mbili, chapati, maharagwe na chai ya maziwa. Hoteli hizo ndizo zitulishazo, na bila hizo tungefanya kazi kwa njaa. Kwa hivyo hatuandiki ili kuzitukana. Twaandika kwa sababu twazihitaji.

Mimi niandikaye nilipata funzo langu kwa gharama. Siku moja nilikuwa safarini kwa kazi, nikashuka na mwenzangu katika stesheni moja tukiwa na njaa sana. Tukaingia hoteli iliyo karibu, tukapewa wali, maharagwe na kachumbari. Kijana aliyetupakulia alikuwa amekonda uso, macho yameingia ndani, na mara mbili alituacha akaenda mbio nyuma ya nyumba. Aliporudi alijipangusa mikono kwa kitambaa kile kile alichofutia meza, kisha akatuletea vijiko. Niliona, nikanyamaza. Mwenzangu naye aliona, akanyamaza. Tuliona haya kusema, tena muda wetu ulikuwa mfupi.

Usiku wa siku ya pili tumbo likaanza, langu na la mwenzangu. Sina haja ya kueleza zaidi. Nilikaa nyumbani siku 4. Nikakosa saa za ziada za wiki ile, nami nilikuwa nimekwisha kuzihesabu kwa karo ya mtoto. Nikalipa na dawa. Chakula kile cha bei ndogo kikawa chakula cha bei kubwa kuliko vyote nilivyokula maishani.

Nilipopita tena stesheni ile niliingia hotelini nikiwa na maneno makali ya kumwambia yule kijana. Sikumkuta. Mpishi akaniambia kwamba siku zile alikuwa mgonjwa kweli, lakini pale mtu hulipwa kwa siku aliyokuja. Asipokuja hapati kitu, na akikosa siku mbili mahali pake hupewa mwingine. "Ungetaka afanyeje?" mpishi akaniuliza. Sikuwa na jibu. Siwezi kuapa mbele ya hakimu kwamba ugonjwa wangu ulitoka mkononi mwake. Lakini tangu siku ile nimejua kwamba mshahara wa mtu anayenipakulia ni jambo linalohusu tumbo langu.

Ndugu zangu, na tuelewe kwanza maradhi haya husafiri vipi. Kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo na baadhi ya magonjwa ya ini yana njia moja: uchafu wa choo wa mtu mmoja huingia kinywani mwa mtu mwingine. Si neno zuri, lakini ndiyo kweli. Unapita katika maji, katika mikono isiyonawiwa, katika miguu ya nzi, katika mboga zinazoliwa mbichi. Kipindupindu chaweza kumshika mtu baada ya saa chache tu, au baada ya siku 5. Homa ya matumbo huchukua wiki moja, mbili, hata tatu kabla ya kuonekana. Ndiyo sababu mtu husema, "Mimi nakula pale kila siku na sijapata kitu." Hajui chakula cha siku gani kinamngojea.

Tena kuna watu waliopona homa ya matumbo, wenye nguvu na wanene, lakini vijidudu vyake vimebaki katika kifuko cha nyongo, navyo huweza kutoka nao waendapo chooni. Mashuhuri kuliko wote ni mpishi mmoja mwanamke wa Marekani, aliyezaliwa Ireland, jina lake Mary Mallon. Mwaka 1907, mjini New York, iligunduliwa kwamba katika nyumba nyingi alizopika watu wameugua, naye mwenyewe ni mzima. Wakuu wa afya wakamtenga katika kisiwa. Mwaka 1910 wakamfungua kwa ahadi kwamba hatapika tena, naye akaenda kufanya kazi ya udobi. Lakini udobi ulilipa kidogo kuliko upishi. Akabadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 alikutwa akipika katika hospitali ya akina mama wazazi, na watu 25 wakawa wamekwisha kuugua. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1938.

Watu husimulia habari hizi ili kumlaumu Mary. Alikosa kweli, kwa kuwa alikuwa amekatazwa. Lakini mtu wa chama atauliza swali jingine. Waliomkataza kupika walimpa nini cha kumtosha? Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza: ukimlazimisha mtu wa jikoni kuficha maradhi yake, watakaoumbuka ni wale wanaokula.

Wengine watasema dawa ni kukimbia vibanda na kula mahali pakubwa. Katikati ya mwaka 2017 kipindupindu kiliingia Nairobi, na miongoni mwa walioshikwa walikuwamo watu waliokula katika mikutano na maonyesho ya biashara kwenye kumbi kubwa za mji. Hata mawaziri walilazwa hospitali. Kitambaa cheupe cha meza hakiui vijidudu. Kinachoviua ni moto, na kinachoviondoa mikononi ni maji yanayotiririka pamoja na sabuni. Hoteli ya mabati yenye vitu hivyo ni salama kuliko jumba lisilo navyo.

Wengine tena watasema vibanda vivunjwe. Neno hilo ni la zamani katika mji huu. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na mwaka 1902 tauni ilipoingia katika madukani, wakubwa waliamuru mtaa wa maduka uchomwe moto. Kuchoma na kuvunja ni kazi ya siku moja. Kuleta bomba la maji na kuchimba mfereji wa maji machafu ni kazi ya miaka, ndiyo maana wengi hupenda ile ya kwanza. Kibanda kikivunjwa leo, kesho mama yule yule atapika chini ya mti, mbali zaidi na maji, nasi tutamfuata kwa kuwa njaa haivunjwi.

Sasa sheria yasemaje? Sheria za usafi wa chakula zataka kila mtu ashikaye chakula cha kuuzwa apimwe na daktari, apewe cheti, na cheti hicho kifanywe upya kila miezi 6. Ni sheria njema. Lakini cheti cha mwezi wa Januari hakiwezi kusema habari za tumbo lililoharibika mwezi wa Machi. Siku hiyo kinga ni moja tu: mgonjwa akae nyumbani. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo anastahili, kila mwaka, siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Sheria ipo. Ni watumishi wangapi wa hoteli zetu wameipata? Wengi huitwa vibarua mwaka hata mwaka, ingawa sheria hiyo hiyo yakataa mtu afanye kazi mwezi mfululizo na bado ahesabiwe kibarua wa siku.

Kwa hivyo twasema mambo haya.

Kwanza, kwa kila mwanachama. Tumia macho kabla ya meno. Tazama kama kuna maji ya kunawa yanayotiririka na sabuni. Beseni moja ambalo watu 20 hutumbukiza mikono si la kunawa. Ni la kugawana uchafu. Jerikeni yenye tundu na kijiti cha kuziba yatosha kabisa. Agiza chakula kinachotoka motoni kikifuka moshi. Wali uliopikwa asubuhi ukakaa vuguvugu hadi saa tisa ni hatari, maana kuna vijidudu visivyokufa kwa kuchemshwa, huamka wali unapopoa, na sumu yao haiondoki hata ukipashwa moto tena. Kachumbari na matunda yaliyokatwa yakakaa wazi, yaache kama hujui yameoshwa kwa maji gani. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametiwa dawa. Nasi wenyewe tunawe. Mkono wenye mafuta ya injini na vumbi la behewa hauna haki ya kumlaumu mpishi. Mwalimu wetu wa shule ya misheni alitupanga mstari kila asubuhi akitazama kucha, nasi tulimwona mkali. Leo namshukuru.

Pili, sema. Mimi niliona nikanyamaza, nikalipa. Kusema si kutukana. Mwambie mwenye hoteli kwa upole, "Mama, tuletee maji na sabuni, nasi tutakuja kila siku." Watu 10 wa zamu moja wakisema hivyo, maji yatapatikana kesho yake, maana hakuna mwenye hoteli anayependa kupoteza wateja 10. Na mtumishi akionekana mgonjwa, usimpigie kelele ili afukuzwe. Zungumza na mwenye kazi, umwambie ampe ruhusa na chakula cha siku zile. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kufungiwa hoteli na bwana afya.

Tatu, ukiugua usijifiche. Anayehara anywe maji mengi tangu mwanzo, maana mtu huuawa na kukaukiwa maji mwilini. Dawa ya chumvi na sukari ya pakiti hupatikana katika zahanati. Usipoipata, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kijiko kilichosawazishwa, ukoroge, unywe kidogo kidogo. Ukiona kuhara kama maji ya mchele, au damu, au homa isiyoshuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wala usile dawa za vijidudu ulizoazima kwa jirani.

Nne, kwa waajiri wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali pa kazi pawe na maji safi ya kunywa na mahali pa kunawa. Twaomba kila tawi litazame mabomba yake, kwenye karakana na kwenye stesheni ndogo za porini, liandike lililopo na lisilopo, na wajumbe walete karatasi hizo katika mkutano. Tutadai pia muda wa chakula unaomtosha mtu kukaa, kunawa na kula. Mtu aliyepewa dakika chache humeza chochote kilicho karibu, nasi tuliopita stesheni ile twajua.

Tano, kwa ndugu zetu wa jikoni. Wafanya kazi wa mahoteli wana chama chao, KUDHEIHA, lakini watumishi wengi wa vibanda hawajafikiwa na chama chochote. Tusiwaone kama watu wengine. Wanapodai siku za ugonjwa zenye malipo, wasidhaniwe kuwa wanadai mambo yao peke yao. Wanadai na usalama wa sahani yetu. Siku watakapotuomba tusimame nao, tusimame.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya, ya chakula cha kutosha kilicho bora, na ya maji safi na salama. Haki iliyo kitabuni haioshi mikono ya mtu. Yataka watu wa kuidai, na kuidai ndiyo kazi ya chama.

Yule kijana sijamwona tena wala sijui jina lake. Nikimwona, yale maneno makali nimekwisha kuyatupa. Nitamwuliza kama siku hizi analipwa akiugua.

Umoja ni nguvu.

Mhariri