Lilichakaa au Lilichakazwa?

Juzi rafiki yangu anayesomea usanifu wa majengo alinifungulia kitabu kwenye picha ya Crown Hall, jengo lililoko mjini Chicago, Marekani. Ni ukumbi wa chuma na vioo, urefu mita 67 hivi na upana 36, na ndani hauna nguzo hata moja. Aliyeuchora ni Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani, na ulimalizika mwaka 1956. Rafiki yangu aliusifu kama mtu anayemsifu mchumba. Sikumlaumu, maana ukumbi wenyewe ni mzuri. Nilimwuliza swali moja tu: "Mahali hapo palikuwa na nini kabla?"

"Aa, jumba chakavu tu," akanijibu, akafunua ukurasa mwingine.

Jumba chakavu tu! Ndugu msomaji, ni hilo "tu" lililonifanya nishike kalamu. Nasema hivi: neno "chakavu" ni neno la uongo kila linapotumiwa bila kumtaja aliyechakaza. Shati huchakaa kwa kuvaliwa. Nyumba huchakaa kwa kuachwa, na anayeiacha ana jina, ana anwani, na mara nyingi ana mpango mfukoni.

Sasa tulitazame jumba lenyewe.

Liliitwa Mecca, jina lilelile la mji wa Makka kama Waingereza wanavyoliandika. Lilijengwa kati ya mwaka 1891 na 1892 upande wa kusini wa Chicago, kwenye barabara ya 34, kati ya State na Dearborn. Waliolichora ni Edbrooke na Burnham (si yule Burnham mashuhuri, ni Franklin Pierce Burnham). Lilikuwa na ghorofa nne na fleti 98, na wakati wa Maonyesho makubwa ya Dunia ya mwaka 1893 lilitumika kama hoteli ya wageni. Lakini ajabu yake ilikuwa ndani. Ukipita mlangoni ulikuta ua mpana uliofunikwa kwa paa la vioo, mwanga ukimwagika kutoka juu hadi chini kwenye sakafu ya vigae. Kila ghorofa ilizungukwa na ujia unaotazama uani, na kingo zake zilikuwa za chuma kilichonakshiwa kwa majani. Milango ya fleti ilifunguka kwenye ujia huo. Mama akitoka kuita mtoto, jumba zima lilisikia. Tena nyua za namna hiyo zilikuwa mbili.

Hilo ndilo jumba chakavu tu.

Wapangaji wa kwanza walikuwa Wazungu wa hali ya kati. Kuanzia miaka ya 1910 wakaanza kuingia watu Weusi, na muda si mrefu jumba likawa lao. Hawakuja kutalii. Walikuwa wakitoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini wa mashamba ya pamba na kamba za wanaonyonga watu bila kesi. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na watu Weusi wapatao 44,000. Mwaka 1950 walikuwa wapatao 492,000. Je, walipewa mji mkubwa mara kumi na moja? Thubutu! Walibanwa katika ukanda uleule mwembamba wa upande wa kusini. Nje ya ukanda huo wenye nyumba walikuwa wametia saini mikataba kwamba hawatamwuzia wala kumpangishia mtu Mweusi. Familia ya Lorraine Hansberry, ambaye baadaye aliandika tamthilia maarufu, ilinunua nyumba nje ya mpaka huo ikaburutwa mahakamani, na kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1940. Mpaka mwaka 1948 ndipo mahakama hiyo iliposema kwamba mahakama za nchi zisitumike tena kuitekeleza mikataba hiyo.

Hebu sasa tufanye hesabu ya dukani, isiyohitaji digrii. Watu wanaongezeka mara kumi na moja, mlango umefungwa kwa nje, wapangaji hawana pa kwenda. Mwenye nyumba atafanya nini? Atagawa vyumba, atajaza watu, na atapandisha kodi. Bomba likipasuka atalitengeneza akipenda, kwa sababu anajua fika kuwa mpangaji hawezi kumwambia, "Basi nahama." Mtu anayezuiwa kuhama hana silaha hata moja mbele ya mwenye nyumba. Ndivyo ilivyokuwa Mecca. Jumba la fleti 98 likafikia kulaza watu zaidi ya elfu moja.

Lakini wakati huohuo jumba lilikuwa na uhai wake. Mwaka 1924 mpiga piano Jimmy Blythe na mwimbaji Priscilla Stewart walirekodi wimbo wa bluzi uliobeba jina la fleti za Mecca. Watu hawatungi nyimbo kuhusu rundo la matofali. Huimba kuhusu mahali penye wivu, mapenzi, ugomvi na majirani wanaochungulia.

Tufike penye kidonda. Jirani wa Mecca kilikuwa chuo cha ufundi, Armour Institute, ambacho mwaka 1940 kiliungana na kingine na kuwa Illinois Institute of Technology. Chuo kilitaka kupanuka. Mies van der Rohe alikuwa ameletwa mwaka 1938 kuongoza idara ya usanifu, na ndiye aliyekuja kuchora ramani ya chuo kipya. Chuo kikalinunua jumba la Mecca. Hakikulinunua ili kilipangishe. Kilitaka ardhi iliyo chini yake.

Hapa ndipo namwomba rafiki yangu asikilize vizuri. Mwenye nyumba aliyenunua ili avunje, atapaka rangi ya nini? Ataziba paa la nini? Kila shilingi atakayoitia kwenye ukarabati kwake ni shilingi iliyotupwa, na kila kioo kinachovunjika ni shahidi wake wa kesho. Uchakavu si hasara yake tena, umekuwa mtaji wake. Ubovu ukikomaa vya kutosha atasimama mbele ya watu na uso wa huruma aseme: "Jamani, tazameni hali ya jumba hili. Si afadhali tulibomoe kwa usalama wa wapangaji wenyewe?" Mchawi mpe mtoto kulea, wahenga walisema. Lakini usimpe nyumba uliyokwisha kumsikia akisema anataka kiwanja.

Wapangaji je? Walikaa kimya wakingoja kuondolewa? Hapana, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kukuta halimo kwenye kitabu cha rafiki yangu. Walijipanga. Walikwenda kwa wawakilishi wao. Mwaka 1943 bunge la jimbo la Illinois lilipitisha muswada wa kuzuia jumba la Mecca lisibomolewe. Fikirini hilo! Wapangaji maskini, Weusi, katika Marekani ya mwaka 1943, wanalifikisha jambo lao bungeni na bunge linakubali. Gavana akaukataa. Kalamu ya mtu mmoja ikafuta kura za bunge zima. Hata hivyo wapangaji hawakutoka. Uhaba wa nyumba ulikuwa mkubwa mno, na jumba likaendelea kusimama karibu miaka tisa zaidi.

Mwezi Desemba 1950 mwandishi John Bartlow Martin alichapisha katika gazeti la Harper's makala ndefu kuhusu Mecca, akiiita mahali pa ajabu kuliko pote Chicago. Alieleza uchafu, vioo vilivyovunjika, watoto wanaochezea kwenye ujia. Sisemi alidanganya. Aliandika aliyoyaona. Ila picha ya mgonjwa siku ya mwisho si historia ya ugonjwa wake. Wako wasomaji waliobaki na picha ile wakafunga gazeti.

Mwaka 1952 jumba la Mecca lilibomolewa. Miaka minne baadaye Crown Hall ikasimama mahali pake.

Nazijua hoja zitakazoletwa, maana rafiki yangu alizileta zote kabla chai haijapoa.

Ya kwanza: "Chuo ni elimu, na elimu ni ya wote." Sawa. Elimu ni kitu kikubwa. Lakini ukisema "ya wote" uniambie kwanza ni nani aliyelipa. Aliyelipa ni mtu aliyefungasha sufuria zake mwaka 1952. Sadaka inayotolewa kwa mali ya mwingine haiitwi sadaka.

Ya pili: "Kweli jumba lilikuwa limeoza, watu wangeweza kufa kwa moto." Nakubali kwamba lilikuwa baya mwishoni. Ila mimi nauliza nani aliyeshika funguo na risiti za kodi miaka yote hiyo. Tena kama tatizo lilikuwa ubovu, dawa ya ubovu ni kukarabati. Kubomoa ni dawa ya tatizo jingine kabisa, yaani la mtu kutaka kiwanja.

Ya tatu ndiyo nzito: "Lakini Crown Hall ni jengo la thamani." Ni kweli, na mwaka 2001 serikali ya Marekani iliitangaza kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Sasa Crown Hall inalindwa. Ikivuja inazibwa, kioo kikipasuka kinabadilishwa. Kumbe inawezekana! Kumbe jengo likitunzwa halichakai! Chuma na vioo vya Crown Hall si imara kwa asili kuliko chuma na vioo vya ua wa Mecca. Tofauti ni kwamba jengo moja lilipata mtu wa kusema "hili ni letu, tulitunze," na jingine lilinunuliwa na mtu aliyesema "hili ni lao, liondoke." Uzuri wa Crown Hall hauijibu hoja yangu. Unaithibitisha.

Na msidhani Mecca ilikuwa ajali ya mara moja. Kusini zaidi, kwenye barabara ileile ya State, mji wa Chicago ulikamilisha mwaka 1962 fleti za Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, zilizojengwa kwa ajili ya maskini walewale waliokosa pa kuishi. Baadaye matengenezo yakaachwa, lifti zikawa zinakufa, fedha zikawa haba. Kisha likatamkwa neno letu, chakavu. Jengo la mwisho likaangushwa mwaka 2007. Barabara moja, wimbo mmoja, beti mbili.

Sasa nawageukia wenzangu tunaoandika, maana gazeti hili ni letu na lawama pia ni yetu. Tuna tabia mbili mbaya. Wengine wetu tunalitumia neno "chakavu" kama lilivyotoka kwenye taarifa ya ofisi, bila kulipindua tuone chini yake pameandikwa nini. Wengine tunafanya kinyume: jumba likishavunjwa tunalilia kwa maneno matamu, tunasema zamani palikuwa pepo, watu wote walipendana. Tabia zote mbili ni uvivu.

Mtazameni Gwendolyn Brooks. Alikulia Chicago. Alipokuwa msichana alifanya kazi ndani ya Mecca, akimsaidia mtu aliyejiita mshauri wa kiroho, aliyeuza dawa za mapenzi na za bahati kwa watu wasio na bahati. Mlango hadi mlango aliwaona wenyeji. Mwaka 1950 akawa mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Angeweza kulisahau jumba. Lakini mwaka 1968, miaka 16 baada ya jumba kuvunjwa, alitoa kitabu kiitwacho In the Mecca. Utenzi wake mkuu unamfuata mama anayerudi kutoka kazini na kumkosa binti yake mdogo, Pepita. Anagonga mlango baada ya mlango kumwulizia, na kila mlango unafunguka na mtu mwenye shida zake. Mwishoni mtoto anapatikana ameuawa, chini ya kitanda cha jirani.

Si utenzi wa kulisifu jumba! Brooks hakupaka chokaa. Aliionyesha Mecca pamoja na muuaji wake. Lakini aliwapa wapangaji kitu ambacho hawakupewa na chuo wala na gavana: majina. Kila mlango una jina, na mwenye jina ana mawazo, ana njaa yake, ana dua yake. Baada ya kusoma kitabu kile huwezi tena kusema "jumba chakavu tu." Hilo "tu" linakukwama kooni.

Basi wenzangu, siku mtakapolisikia neno hilo likitamkwa juu ya nyumba ya watu, msiliandike mpaka mmeuliza maswali matatu. Nani anamiliki? Mara ya mwisho aliitengeneza lini? Na waliomo watakwenda wapi? Swali la tatu likikosa jibu, hapo hapana maendeleo, pana watu wanaohamishwa.

Mwaka 2018 mafundi waliokuwa wakichimba kando ya Crown Hall walikuta vigae vya rangi chini ya udongo. Ilikuwa sakafu ya Mecca. Miaka 66 ilikuwa imepita, na vigae vilikuwa bado vimeshikana.

Chakavu, eti.

Rafiki yangu, ule ukurasa ulioufunua haraka haraka, urudishe. Tuanze kusoma pale.