Intaneti Ijaribiwe Kambini, Si Mjini



Maadamu twafikiri kuzitia intaneti isiyo na waya kambi zetu za wachumaji, yafaa tutazame Mkoa wa Ruvuma. Mji wa Songea uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa halifiki mita 500. Kati ya mji na ufuko wa Mbamba Bay pana milima, na mlima huyazuia mawimbi ya hewani. Basi mashine iliyofanya vyema Songea si dhamana kwa aliyepiga hema ziwani. Tena Juni na Julai, wakati wa kipupwe, mchana huwa mfupi kidogo, na betri ya umeme wa jua hupata muda mchache zaidi wa kushiba.

Nasi tuna vilima na mabonde yetu. Rai yetu ni hii: muuzaji asilipwe kwa jaribio la mjini. Aje kambini, mchana na usiku, siku ya mawingu. Mwanachama mwenyewe apeleke ujumbe kuuliza bei ya karafuu. Akijibiwa, ndipo tufungue mfuko. Fedha hizi ni jasho letu sote.